Kilima Kilipoitika Peke Yake

Kuna kitenzi kimoja cha Kiingereza ambacho sikitumii. Ninaishi kwa kuandika na kwa kuwafundisha wengine kuandika, kwa hiyo vitenzi ni riziki yangu kama nyavu zilivyo riziki ya watu wa kisiwa cha Rusinga. Hata hivyo hiki nakipita kando kama mtu anayenidai salamu. Ni "resound", kuvuma kwa mwangwi. Wahariri wamewahi kunichomekea katika makala zangu, hasa majira ya uchaguzi, maana magazeti ya Kiingereza hayajui ushindi wa namna nyingine, na wenzao wa Kiswahili hufuata nyuma na "ushindi wa kishindo" wao, hata kama aliyeshinda hakuwa na mpinzani. Nakifuta. Mhariri mmoja kijana aliniuliza kwa upole kama nina ugomvi nacho. Nilimwambia tunafahamiana tangu zamani, akadhani ni mzaha.

Tulifahamiana mbele kidogo ya Rodi Kopany, katika shule ya msingi iliyojengwa mgongoni mwa mteremko, miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa mwalimu asiye na mafunzo. Siku hizo walimu walikuwa haba, na mtu aliyemaliza kidato cha nne bila kufukuzwa alipewa chaki na kuonyeshwa darasa. Mimi nilipewa darasa la saba, lililokuwa na vijana kadhaa walionizidi kimo na mmoja aliyenizidi ndevu. Nilikuwa na suruali mbili, tai moja, na kamusi iliyopoteza jalada pamoja na herufi A yote, kwa hiyo Kiingereza changu kilianzia B.

Sisi tusio na mafunzo tuliishi tukimsubiri mkaguzi. Akiridhika na somo lako, jina lako lilipelekwa chuo cha ualimu. Asiporidhika, ulirudi ulikotoka. Nilikotoka mimi ni upande wa Migori, na baba yangu alikuwa ameshaniandalia kazi ya kuswaga ng'ombe wake hadi mnada wa Ogwedhi. Hakulisema hilo kama tishio. Alilisema kwa furaha, kwa upendo wa baba anayemngoja mwanawe arudiwe na akili, na ndiyo maana lilinitia hofu.

Mwalimu mkuu wetu, Msabato mpole aliyevaa koti hata jua likichoma, aliniita ofisini na kuniambia kwamba mkaguzi atatoka Homa Bay wiki inayofuata, na ataketi katika somo langu la Kiingereza. Akaniambia pia habari iliyokwisha kuenea katika shule zote za njia ile. Mkaguzi huyo mpya, mtu wa pwani, aliamini kwamba neno halijafundishwa mpaka mtoto alione, alishike, alinuse au alisikie. Katika shule jirani mwalimu alikuwa amefundisha neno la chungwa bila chungwa. Alikuwa amerudi kwao.

Nilifungua kitabu cha kusoma. Kifungu cha wiki ile kilihusu askari wa zamani waliopita bondeni na mizinga yao, na chini yake, katika orodha ya maneno mapya, alikaa yeye.

Kamusi ilieleza kwamba mahali hufanya hivyo panapojaa sauti na kuirudisha. Nililikubali hilo mara moja, kisha usiku mzima likanikera. Wanaopiga kelele ni watu, lakini katika sentensi ya Mwingereza kitenzi kinapewa bonde, au ukumbi, au kilima. Watu wanatajwa mwishoni, kama wageni waalikwa. Niliona ni heshima kubwa mno kwa kilima. Sisi tuliolelewa kati ya Migori na ziwani tunajua sauti ina mwenyewe. Ukiisikia, unauliza kwanza ni ya nani, halafu ana nini.

Lakini mkaguzi hakuwa anakuja kusikiliza maoni yangu. Alikuwa anakuja kusikia neno.

Kengele ya shule ilikuwa gurudumu la lori lililopasuka, na ukiligonga lililia kama sufuria. Nililipeleka darasa uwanjani tukauamkia mwamba. Ng'ambo ya kijito palikuwa na kilima chenye uso wa jiwe, kirefu, kilichosimama kama ukuta wa kanisa. Tuliamkia kwa pamoja, kwa Kiingereza, na mwamba ukarudisha kitu kama mtu anayekohoa ndani ya blanketi. Nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kuazima ngoma. Aliniuliza ngoma hiyo ingeingiaje katika shule ya kanisa lisilopiga ngoma. Nikasema ingekaa nje. Akasema hata sauti yake ingeingia, na katika hilo, lazima nikiri, alikielewa kile kitenzi kuliko mimi.

Kilichonimaliza ni msiba. Mtu alifariki ng'ambo ya kijito, na asubuhi wanawake wa boma lile wakapiga nduru. Nilikuwa nanyoa. Sauti moja ilipanda, ikagonga jiwe, ikarudi ikiwa kubwa kuliko ilivyokwenda, na bonde lote likajaa mpaka nikahisi wembe unatetemeka mkononi. Mtu mwenye haya angesema pole. Mimi nilisema, nikiwa na povu kidevuni: hiyo ndiyo.

Lazima nieleze nduru kwa wale waliokulia penye polisi. Kwetu nduru ndiyo ilikuwa polisi, na zimamoto, na gari la wagonjwa. Mtu akipatwa na jambo, kifo, moto, mwizi au mamba, hupiga nduru, na kila aisikiaye huipokea kwa sauti yake na kuipeleka mbele, kisha huacha chungu mekoni na kukimbia kuelekea ilikotoka. Hakuna aulizaye kwanza kama ni kweli. Na kwa kuwa hakuna aulizaye, hakuna aipigaye bure. Watu wa kule walishika kwamba anayepiga nduru ya uongo anaita jambo lenyewe nyumbani kwake. Kwa hiyo wanafunzi wangu wasingeweza, wazazi wao wangenifukuza kabla ya mkaguzi. Na mimi mwenyewe, pamoja na kidato changu cha nne na dharau yangu kwa ushirikina, nilikumbuka kwamba mama yangu yu hai, nikaona haifai.

Nikaenda kwa mjane mmoja.

Boma lake lilikuwa ng'ambo, chini kabisa ya ule mwamba. Waliishi wawili, yeye na mama mkwe wake aliyekuwa ameacha kutembea. Katika msiba wowote wa upande ule sauti ya mjane huyo ilijulikana kati ya sauti zote. Nilimkuta anabangua njugu kivulini mwa nyumba. Nikaeleza shida yangu kwa mzunguko mrefu, nikipitia elimu, taifa jipya na mustakabali wa watoto, mpaka akaniokoa.

"Kwa hiyo unataka nduru ya kufundishia."

"Ndiyo, mama."

"Ya kifo au ya mwizi?"

Sikujua kwamba kulikuwa na kuchagua. Nikasema yoyote, mradi irudi vizuri kutoka mwambani. Alicheka hadi njugu zikamwagika kutoka mapajani. Nikamuuliza kama haogopi yale yasemwayo. Akafuta macho kwa kiganja.

"Mimi nimeshazika wa kuzikwa, mwanangu. Amebaki huyu wa ndani, naye kila asubuhi analalamika kwamba amesahauliwa."

Kutoka ndani ya nyumba sauti nyembamba ikasema, "Mwambie mwalimu, kama ni yangu, asubiri niende kwanza."

Tukapatana. Siku ya ukaguzi, baada ya mapumziko ya asubuhi, angesimama nje na kutazama dirisha la darasa langu. Nikipunga kitambaa cheupe, angepiga nduru mara tatu, kisha anyamaze.

Mwalimu mkuu alisikiliza mpango huo akiwa amefumba macho. Nadhani alikuwa anaomba. Alipoyafumbua alitoa sharti moja, kwamba nizunguke maboma yote ambako ingeweza kusikika na kuwatahadharisha watu, wasije wakatokea na mikuki mbele ya serikali. Nikazunguka. Kila mahali nilieleza jambo lilelile: kesho asubuhi mtasikia nduru kutoka kwa mjane, msiipokee, msiinuke, ni somo. Waliniuliza kwa nini siipigi mwenyewe, nikawaambia ukweli kwamba mama yangu angali hai. Hilo waliliona la busara. Walikuwa wamejenga darasa lile kwa mikono yao, kuta na paa, na kama shule ilihitaji wakae, wangekaa.

Mzee mmoja, jirani wa karibu kabisa na kijito, alisimamisha jembe ili anielewe vizuri.

"Kwa hiyo tukisikia, tusisikie."

"Ndiyo, baba."

"Na ikizidi?"

"Kaeni tu. Hata iwe kali namna gani, ni Kiingereza."

Alilipenda jibu hilo. Nilimsikia akilirudia kwa mkewe nilipokuwa naondoka, na wote wawili wakacheka.

Siku yenyewe kulikuwa na upepo. Ilikuwa miezi ya ukavu, watu walikuwa wanachoma mabua mashambani kabla ya mvua, na moshi ulisimama hapa na pale bondeni bila mtu kuutazama mara mbili. Mkaguzi alifika kwa gari la serikali, mwembamba, shati jeupe lisilo na mkunjo, viatu vilivyong'aa kwa namna ambayo vumbi letu liliichukulia kama matusi. Alitusalimu kwa Kiswahili ambacho kilitufanya sote, hata mwalimu mkuu, tuone kwamba tulichokuwa tukizungumza sokoni ni kitu kingine. Nilijibu kwa Kiingereza ili kuficha aibu. Akaketi nyuma ya darasa, katika dawati la mwanafunzi, magoti yakiwa karibu na kidevu, akafungua kalamu.

Nikaandika neno ubaoni. Tulikuwa tumeupaka ubao mkaa na majani ya muhogo siku iliyotangulia, na chaki iliandika vizuri, jambo nililolichukua kama dalili njema. Nikaanza kusoma kifungu. Askari walikuwa hawajafika hata bondeni, na kitambaa kilikuwa bado mfukoni mwangu, mjane alipopiga nduru.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba amekosa subira. La pili lilikuwa kwamba ni msanii mkubwa. Sauti ilipanda, ikagonga jiwe, na kilima kikaitupa juu ya mapaa yetu. Mkaguzi aliinua kichwa. Nilimwona anatabasamu, tabasamu la mtu aliyezoea kuletewa chungwa na leo ameletewa shamba zima. Nikaligeukia darasa kana kwamba yote yamepangwa hivyo. Nikauliza kwa Kiingereza kilima kinafanya nini. Wakajibu kwa pamoja, kwa kitenzi kilekile, na sentensi ilikuwa sahihi toka mwanzo hadi mwisho.

Nduru ya pili. Kalamu ya mkaguzi ilikuwa inaandika. Ya tatu. Nikanyamaza ili utulivu utakaofuata usikike vizuri, maana utulivu nao ulikuwa sehemu ya somo.

Ikaja ya nne.

Nikajiambia ni ukarimu. Ikaja ya tano, na sasa haikuwa na umbo, ilikatika katikati na kuanza upya kabla mwamba haujamaliza kurudisha ile iliyotangulia. Mkaguzi alinipa ishara kwa kichwa kwamba niendelee. Nikafungua kinywa kuendelea, na hapo ndipo nikasikia kilichokosekana.

Toka utotoni sikuwahi kusikia nduru ikikaa peke yake. Ya kwanza hupigwa, na kabla ya ya pili kuna sauti kushoto, halafu kulia, halafu mwanamume mmoja mbali, halafu huwezi tena kuhesabu. Hiyo ndiyo hali yake, kama moto ulivyo na joto. Hii ilikuwa inapanda na kushuka, na aliyeiitikia alikuwa jiwe tu. Bonde zima lilikuwa limejaa watu waliokaa kimya kwa sababu nilikuwa nimewaomba.

Yule kijana wa ndevu alikuwa amesimama. Hakunyoosha mkono.

"Mwalimu," akasema, kwa Kijaluo, ndani ya somo la Kiingereza, "huyo hafundishi."

Nikaenda dirishani. Chini ya mwamba kulikuwa na moshi, na haukuwa ule mweupe wa mabua. Ulikuwa wa rangi ya kahawia, mzito, ukilala upande kwa upepo.

Nikamwambia mkaguzi kwamba kuna nyumba inaungua. Aliniangalia, akaangalia ubao, akaangalia tena uso wangu. Mtu wa haki angesema nini? Mwalimu alikuwa amemletea sauti, na sasa alikuwa anamletea moto. Akasema kwa Kiswahili chake safi, bila ukali, "Endelea, mwalimu. Kipindi hakijaisha."

Bado naweza kuiona chaki ile mkononi. Nilijua kabisa thamani yake. Upande mmoja kulikuwa na chuo, cheti, labda siku moja baiskeli. Upande wa pili kulikuwa na ng'ombe wa baba na vumbi la barabara ya Ogwedhi. Ningependa kusema sikuwaza hayo, lakini niliyawaza yote, kwa urefu, mpaka nduru nyingine ikapanda na kukatika. Nikaiweka chaki juu ya dawati la mkaguzi, mbele yake, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Nilipogeuka, darasa la saba lilikuwa limeshatoka nje kupitia madirishani.

Niliwafuata kwa mbio, tai begani. Na hapa ndipo niliposhuhudia jinsi nilivyofundisha vizuri. Katika kila boma tulilolipita watu walikuwa wameketi nje kwa adabu, wakitazama. Wanawake walitupungia mikono. Nikapaza sauti kwamba ni kweli, kwa mjane kunaungua, njooni. Mama mmoja akamwambia mwenzake, nami nikasikia wazi, kwamba kumbe mwalimu ni hodari wa kuigiza. Mzee wa jembe alikuwa amesimama kando ya njia, ameegemea mpini.

"Leo somo lina mbio pia?"

"Baba, ni moto. Ni moto kweli."

"Tumeelewa, mwalimu. Tunakaa. Hata iwe kali namna gani." Naye akanikonyeza, kunionyesha kwamba hajasahau sehemu yake.

Wanafunzi walikuwa wameshavuka kijito, lakini watoto wa shule wangefanya nini na paa la nyasi katika upepo ule? Ilihitajika mikono ya watu wazima, mingi, na mitungi, na watu wa kupanda ghalani. Mikono hiyo ilikuwa imeketi. Nilimtazama mzee usoni nikaona hakuna neno katika lugha yoyote nijuayo litakalomwinua, kwa sababu maneno yote nilikuwa nimeyatumia jana.

Basi nikasimama palepale njiani, na shati langu la ukaguzi, nikapiga nduru.

Sikuwahi kuipiga. Wanaume wa kwetu huipokea, ni nadra kuianzisha, na sauti yangu ilikuwa ya mtu aliyezoea kusahihisha daftari. Ilitoka mbaya. Lakini niliona uso wa mzee ukibadilika kabla sijamaliza. Alijua kwamba mama yangu yu hai, nilimwambia mwenyewe, na alijua kwamba kwa sababu hiyohiyo nilikwenda kutafuta mjane. Hakuna mtu mwenye mama ambaye angefanya vile kwa ajili ya mkaguzi. Mpini ulianguka. Akaipokea, kwa sauti nzito iliyotoka tumboni, na mkewe akaipokea nyuma ya nyumba, na yule mama aliyesifu uigizaji wangu akaipokea huku ameshaanza kukimbia, na kushoto, na kulia, na huko juu shuleni, hadi sikuweza tena kujua mwamba unasema nini.

Nyumba hatukuiokoa. Cheche ilikuwa imetoka mekoni na upepo ukaipeleka kwenye paa. Mjane alikuwa amemburuta mama mkwe wake mpaka mlangoni na kutoka naye, mikono yake miwili ikaungua, kisha akasimama uani na kuita. Moto ulikuwa umeanza kushika ghala la nafaka, chakula chao cha mwaka. Wanaume walivuta paa la ghala kwa majembe na miti, wanawake wakaleta maji kutoka kijitoni, na wanafunzi wangu wakapiga miali kwa mashati yao ya shule. Nusu ya mtama ilipona. Katikati ya hayo nilimwona mkaguzi akishuka mteremko amebeba ndoo ya maji ya kunywa ya darasa la saba. Alipofika, maji yaliyobaki yalikuwa ndani ya viatu vyake. Aliikabidhi ndoo kwa heshima zote, akavua saa, akaingia katika mstari wa kupokezana mitungi, hadi mwisho.

Ilipokwisha, mama mkwe alikuwa ameketishwa chini ya ukuta wa boma la jirani, uso mweusi kwa masizi. Alinitambua. "Nilisema usubiri," akaniambia.

Mjane hakutania. Mwanamke mmoja alikuwa anampaka siagi mikononi, na sauti yake ilikuwa imekwisha, kwa hiyo ilibidi niiname kumsikia.

"Kila nikiita, jiwe linaniitikia," alisema. "Jiwe tu."



Mkaguzi alinikuta nimekaa kando ya kijito. Aliniuliza jambo moja: kwa nini watu hawakuja mara ya kwanza. Ningeweza kumpa majibu mengi ya mila na desturi, naye, mgeni, angeyaandika yote. Nikamwambia nilizunguka kuwaomba wasije. Alimimina maji kutoka kiatu kimoja.

"Somo sikuliona likiisha," akasema hatimaye. "Siwezi kulipitisha somo nisiloliona mwisho wake. Nitarudi muhula ujao." Akavaa kiatu. "Na safari hiyo, ndugu yangu, usiniandalie sauti."

Kwa hiyo sikurudi kwa ng'ombe wa baba, na chuoni sikwenda mwaka ule. Wenzangu walitangulia. Muhula uliofuata alirudi kama alivyosema, nikamfundishia darasa kwa makofi tu ndani ya kuta nne, somo dogo lisilo na hatari, nalo akalipitisha bila kutabasamu hata mara moja.

Lakini siku ileile ya moto, kabla jua halijaanza kushuka, wazee walikuwa wameniita. Nilitegemea faini au matusi. Hawakutoa hata kimoja. Walisema kuna neno nililolitoa katika kila nyumba, na bado limo humo, na mwenye kulitoa ndiye awezaye kulichukua. Nikazunguka tena, boma kwa boma, nikinuka moshi, nikisimama mahali palepale niliposimama jana na kusema: nduru ni nduru, mkiisikia inukeni. Kila mahali walinijibu kwamba wamesikia. Mzee wa jembe alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema jambo lililoninyima raha kwa muda mrefu.

"Tumesikia, mwalimu. Lakini sikio likishafundishwa kungoja, sijui."

Nami sikujua. Tulimjengea mjane nyumba, nikakata nyasi na wenzangu vibaya kuliko wote, mvua ikaja, shule ikaendelea, na muda wote huo nilikuwa naishi na swali moja. Watu walicheka nami kama zamani. Hakuna aliyenilaumu usoni. Lakini bonde lilikuwa kimya, na sikuweza kujua ni kimya cha namna gani. Cheti hakikunikosesha usingizi tena. Nilingoja kitu ambacho mtu mzima hapaswi kukingoja, yaani shida ya jirani.

Ilikuja alasiri moja, wanafunzi wameshaondoka, mimi nasahihisha madaftari darasani peke yangu. Nduru moja, kutoka juu kidogo ya kijito, sauti ya mwanamke nisiyemjua. Iligonga mwamba, ikarudi.

Kalamu ilisimama. Kilima kilikuwa kimemaliza kusema, na baada yake kukawa na nafasi, ndogo tu, ambayo kwangu ilikuwa pana kama ziwa. Nilisikia inzi dirishani.

Kisha kushoto, karibu na njia, sauti nzito ikatoka tumboni mwa mtu, nikaitambua. Halafu ya mkewe. Halafu ya kulia, halafu mbili pamoja ng'ambo, na moja iliyokwaruza, iliyovunjika, ambayo haikuwahi kupona vizuri tangu moto, ikapanda juu ya zote.

Alikuwa nyoka, ameingia ghalani mwa mtu. Nilipofika alikuwa ameshauawa, na watu walikuwa wamesimama wakimpima urefu kwa mpini wa jembe na kubishana. Mzee aliniona nahema, kalamu nyekundu bado mkononi.

"Umechelewa, mwalimu," akasema. "Sisi tulikuja mara ya kwanza."